Treni Zisikwame: Mwongozo wa Kuongoza Msongamano wa Treni Ndani ya OpenTTD

Maswali ya wanaocheza OpenTTD, gemu ya kompyuta ya kujenga na kuendesha usafiri, ni yaleyale. "Treni nne zilikuwa zinakwenda vizuri, nimeongeza ya tano zote zimesimama." "Taa nyekundu na mbele hakuna kitu, kwa nini?" "Mbili zimetazamana uso kwa uso, nifanyeje?" Majibu yako hapa pamoja, ili ukiulizwa na mwenzako umpe mwongozo huu badala ya kuanza upya.

Mfano wetu ni reli ya kusini: korosho kutoka Masasi na Nachingwea kushuka hadi bandari ya Mtwara, na makutano yapo Mtama. Reli ya kweli huku ilikuwepo. Ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, ikafika Nachingwea, kisha ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ndiyo maana vijana wengi wa Mtwara na Lindi treni wanaijua kwenye skrini kabla ya kuiona kwa macho. Hakuna ubaya. Ila usidhani treni hufanya kama lori. Lori likikuta foleni nje ya ghala msimu wa korosho hutanua pembeni likapita. Treni haina pembeni.

Shika jambo moja tu na nusu ya matatizo yataisha: taa ni mahali unapoiruhusu treni isimame. Kila ukitaka kuweka taa jiulize, treni ikisimama hapa mkia wake utakuwa wapi?

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- OpenTTD yenyewe. Ni ya bure, na hata kompyuta mpakato ya zamani inaiendesha. Mara ya kwanza ukiifungua itakuomba kupakua picha za msingi, kubali. Baada ya hapo unacheza bila bando.
- Kipanya. Kwa padi ya kugusa utaweka taa upande usiotaka mara kumi.
- Ramani mpya ya mazingira ya tropiki. Gemu haijui korosho, kwa hiyo tutatumia shamba la matunda na kuliita korosho. Matunda hupelekwa kiwanda cha chakula. Kituo chake kipe jina la Mtwara Kubangua ukipenda. Vituo vyote unaweza kuvibadilisha majina.
- Pesa ya mkopo isiyotumika yote. Bakiza ya kurekebisha makosa, maana utakosea.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya mchezo, ambako juu kuna kisanduku cha kutafutia. Andika *breakdowns* uzime kuharibika kwa treni mpaka utakapoelewa taa. Andika *reservations* uwashe kuonyesha njia zilizoshikwa. Hii ndiyo tochi yako, kwa sababu reli ambayo treni imeishika itaonekana kwa rangi tofauti. Mwisho, hakikisha gemu inajihifadhi yenyewe kila dakika 10. Umeme ukikatika hautakupigia hodi.

## Hatua

1. Amua urefu wa treni, usiubadilishe.

Kwenye treni za kawaida za gemu, kichwa kimoja huchukua nusu mraba wa ramani na kila behewa nusu mraba. Kichwa kimoja na mabehewa matano ni vipande sita, yaani miraba 3. Hapa tunatumia treni ya miraba 3 kwa kila kitu: majukwaa ya miraba 3, nafasi za kusubiria za miraba 3. Ukichanganya treni ya miraba 3 na ya miraba 7 kwenye reli moja, hesabu zote zitakazofuata zipigie kwenye ile ndefu.

Treni iliyozidi jukwaa itapakia, lakini polepole sana, na mkia wake utabaki kwenye makutano ya kuingilia kituoni. Hapo umejifungia mlango mwenyewe.

2. Jenga reli mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi.

Reli moja ya kupishana inawezekana (nimeieleza chini), lakini si ya kuanzia. Chagua upande wa kuendeshea, kushoto kama barabarani kwetu, na ushikilie upande huo ramani nzima. Kosa la kawaida ni kwenda kushoto Mtwara hadi Mtama, halafu kulia Mtama hadi Masasi. Reli zitakatana bila sababu.

3. Weka taa za njia za upande mmoja.

Fungua paneli ya taa kwenye upau wa reli. Utakuta aina mbili za taa za njia (path signals): moja treni inaweza kuipita kutokea nyuma, nyingine haipitiki kutokea nyuma kabisa. Kwenye reli kuu tumia hiyo ya pili. Bofya kwenye reli. Ikikaa kinyume, bofya tena taa hiyohiyo igeuke. Ukiweka ya kwanza, ukaishika na kuiburuta kando ya reli, gemu itakuwekea zinazofuata kwa umbali ulioandikwa kwenye paneli.

Umbali huo uwe sawa na urefu wa treni au karibu yake. Kwa treni ya miraba 3, weka 3 au 4. Ukiweka 12, treni moja itashika sehemu ambayo zingekaa tatu.

Daraja na handaki havipokei taa ndani. Daraja la miraba 10 juu ya mto Lukuledi ni nafasi ya miraba 10 ambayo hupitia treni moja kwa wakati, hata kama kwingine kote umeweka taa kila miraba 3. Reli nzima itakwenda kwa kasi ya daraja hilo. Tafuta mto unapokuwa mwembamba, au jenga madaraja mawili sambamba kwa kila upande.

4. Makutano: hapa ndipo watu hukwama.

Soma polepole. Njia ya Masasi na njia ya Nachingwea zinaungana Mtama na kuwa moja kuelekea Mtwara. Kwa kuwa kila njia ina reli mbili, lazima treni inayotoka Nachingwea kwenda Mtwara ikatishe reli ya wanaotoka Mtwara kwenda Masasi. (Au kinyume chake, kutegemea tawi liko upande gani. Moja itakatisha tu.)

Anayeanza huweka taa kabla ya makutano, kisha huweka nyingine mraba mmoja baada ya makutano, kwa sababu panaonekana pazuri. Sasa tazama kinachotokea:

Treni ya Nachingwea inapita makutano, inakuta ile taa ya pili ni nyekundu kwa kuwa mbele kuna foleni ya kuingia Mtwara. Inasimama. Kichwa kiko kwenye taa, lakini treni ni miraba 3, kwa hiyo miraba 2 ya mkia imelala juu ya makutano, juu ya reli ya kwenda Masasi. Kutoka Mtwara inakuja treni tupu ya Masasi. Haiwezi kupita, inasimama. Nyuma yake inasimama nyingine, na nyuma ya hiyo nyingine, mpaka foleni inarudi Mtwara na treni iliyomaliza kushusha inashindwa kutoka jukwaani. Na treni ya Nachingwea inasubiri nini? Jukwaa hilohilo.

Hakuna treni iliyoharibika, hakuna reli iliyokatika, na hakuna itakayosogea hata ukiiacha gemu usiku kucha. Kosa ni taa moja.

Rekebisha hivi:

- *Kabla* ya makutano, kila njia inayoingia iwe na taa ya njia. Hapa Mtama ni tatu: kutoka Masasi, kutoka Nachingwea, na kutoka Mtwara.
- *Ndani* ya makutano usiweke taa yoyote.
- *Baada* ya makutano, taa ya kwanza iwe mbali angalau urefu wa treni nzima. Kwa treni ya miraba 3, hesabu miraba 3 iliyo wazi, taa ikae mwisho wake. Ukiweka 4 hujapoteza kitu.

Treni haiondoki kwenye taa ya njia mpaka imeshika njia yote hadi taa inayofuata. Ukiwa umeacha nafasi ya kutosha upande wa pili, itakayovuka itavuka yote, na itakayokosa nafasi itabaki nje ya makutano. Hupaswi kuisaidia.

Kuondoa taa mbaya, ukiwa umefungua paneli ya taa, washa alama ya tingatinga iliyo kwenye upau wa reli kisha bofya taa. Usitumie baruti ya kawaida, kwa sababu itaondoa na reli iliyo chini.

5. Kituo cha mwisho, Mtwara.

Anza na majukwaa mawili ya miraba 3. Mbele yake jenga msalaba wa reli unaowezesha kila jukwaa kufikiwa kutoka reli ya kuingia na kutokea reli ya kutoka. Weka taa moja tu ya upande mmoja kwenye reli ya kuingia, kabla ya msalaba. Kwenye reli ya kutoka, taa ya kwanza ikae miraba 3 au zaidi baada ya msalaba. Majukwaani kwenyewe usiweke taa. Kwa mpangilio huu hazihitajiki, na mwanzoni zitakuchanganya tu.

Msalaba uwe karibu kabisa na majukwaa. Ukiuweka miraba 6 mbali, treni moja inayotoka itaufunga msalaba kwa muda mrefu bila faida.

6. Kituo cha kupakia, Masasi.

Mpangilio ni uleule, lakini ongeza nafasi ya foleni. Treni zinazosubiri mzigo hukaa muda mrefu, na ya tatu itakayofika itasimama kwenye reli kuu. Kama reli hiyo inatumiwa na Masasi peke yake, si tatizo. Kama kuna treni za abiria zinazopita hapo kuendelea mbele, chepusha reli ya kuingilia kituoni iwe na urefu wa angalau treni mbili, miraba 6 hadi 8, kabla ya taa ya kuingilia.

7. Toa amri za safari.

Jenga karakana karibu na kituo cha kupakia, nunua treni moja, fungua dirisha la amri. Amri mbili zinatosha: Masasi, halafu Mtwara Kubangua. Kwenye Masasi chagua Full load, yaani isubiri mpaka ijae. Mtwara acha ilivyo, itashusha yenyewe. Zote mbili ziwe za kutosimama vituo vya katikati, la sivyo treni ya korosho itasimama Mtama kuwasalimia abiria.

Onyo: kwenye jukwaa moja usichanganye treni za mizigo miwili tofauti zote zikiwa na amri ya kusubiri kujaa. Mzigo mmoja ukipungua, treni zake zitakalia majukwaa yote na zile zenye mzigo hazitaingia. Kila mzigo na jukwaa lake.

8. Ongeza treni moja moja.

Ndani ya karakana, nakili treni ya kwanza huku umebonyeza Ctrl. Kwa njia hiyo treni zote zitashiriki amri moja. Ukibadilisha ya mmoja umebadilisha za wote. Bila Ctrl utakuwa na treni 9 zenye orodha 9 za kurekebisha.

Zingapi? Piga hesabu. Tuseme mzunguko mzima, kupakia mpaka kurudi kupakia, ni siku 80, na treni hukaa jukwaani Masasi siku 20. Gawanya 80 kwa 20, unapata treni 4 kwa jukwaa moja. Majukwaa mawili, treni 8, kama mzigo unatosha. Ya 9 haitaleta pesa, itakaa foleni. Acha mzunguko mmoja upite kila ukiongeza, uangalie kabla ya kununua nyingine.

Treni ikipanda mwinuko mfano wa kwenda Newala hupunguza mwendo, na zote za nyuma hupunguza nayo. Suluhisho ni kichwa cha pili kwenye kila treni (kumbuka kurudi kwenye hesabu ya urefu) au kuzungusha reli mlima uwe wa taratibu.

9. Ratiba, kwa treni za abiria tu.

Treni za mizigo zinazosubiri kujaa hazihitaji ratiba. Za abiria zikishiriki amri hujikusanya na kufuatana kama daladala zilizotoka stendi pamoja. Fungua dirisha la ratiba, washa Autofill, acha treni izunguke mara moja ijaze muda wake yenyewe. Ikishajaa yote, bonyeza Ctrl huku ukiweka tarehe ya kuanza. Gemu itazitawanya treni zote zinazoshiriki amri hizo kwa nafasi sawa.

## Kama pesa haitoshi kwa reli mbili

Reli moja yenye sehemu za kupishania inafanya kazi vizuri ukifuata masharti matatu. Kila sehemu ya kupishania iwe na reli mbili, na kila moja iwe ya upande mmoja tu: hii ya wanaokwenda, ile ya wanaorudi. Kila reli hizo iwe ndefu kuliko treni. Kwa miraba 3, jenga 4. Taa ni moja kwa kila reli, mwishoni pale treni inapotokea, ya upande mmoja.

Kati ya sehemu mbili za kupishania usiweke taa hata moja. Watu huona reli ndefu tupu ya miraba 20 kutoka Mtama hadi Nachingwea wakaingiwa na tamaa ya kuweka taa katikati "ili ziwe nyingi". Taa hiyo ndiyo itakayozikutanisha mbili uso kwa uso.

## Ikikwama

Taa nyekundu, mbele hakuna treni. Angalia rangi ya njia zilizoshikwa. Kama hakuna iliyoshikwa, treni haioni njia ya kufika mbele: reli haijaungana, au taa inayofuata imegeuzwa kinyume. Sogeza picha karibu kabisa. Mara nyingi ni mraba mmoja ulioruka.

Ujumbe kwamba treni imepotea. Kuna sababu tatu za kawaida. Taa ya upande mmoja imefunga njia pekee ya kurudi. Kipande cha reli ni cha aina nyingine, kwa mfano kichwa cha umeme kimefika penye reli isiyo na nyaya. Au umekataza kona za nyuzi 90 ilhali umejenga nazo.

Mbili zimetazamana. Fungua dirisha la mojawapo, bofya kitufe cha kugeuza treni irudi ilikotoka. Kabla ya kitu kingine chochote weka taa ya upande mmoja pale ilipoingilia, la sivyo zitarudi hapohapo.

Jukwaa moja limejaa, la pili tupu. Jukwaa la pili halifikiki kutoka reli ya kuingia. Msalaba wako una mkono mmoja badala ya miwili.

Treni zinaingia na kutoka karakana hovyo na kuchelewesha wengine. Umewasha kuharibika kwa treni, na karakana iko kwenye reli kuu. Ihamishie kwenye mchepuko karibu na kituo, kisha iweke kwenye orodha ya amri kama mahali pa matengenezo.

Kitufe cha kulazimisha treni ipite taa nyekundu. Kipo kwenye dirisha la treni, na ndicho chanzo cha ajali nyingi za anayeanza. Kitumie tu ukishafuata reli yote ya mbele kwa macho ukaona hakuna treni. Zikigongana hurudishiwi pesa wala treni. Vilevile usiondoe taa wakati treni zinatembea. Bonyeza F1 usimamishe mchezo kwanza, ukiwa umeruhusu kwenye mipangilio ujenzi mchezo ukiwa umesimama.

Umeme umekatika ukiwa katikati ya kujenga. Kwenye dirisha la kufungua mchezo, ndani ya folda ya autosave, yapo mafaili kadhaa yenye namba, na namba kubwa si lazima liwe jipya kwa sababu zinazunguka. Panga kwa tarehe, chukua la juu. Bonyeza F1 usimamishe mchezo, kisha kagua makutano uliyokuwa ukiyajenga: taa ulizoweka mwisho huenda hazimo, na treni ya kwanza kufika itaingia kana kwamba hakuna mtu.